Jumapili Moja Juu ya Morven

Ukisimama katika soko la Mbuyuni, mjini Moshi, uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na hakuna anayejihisi yuko mlimani. Jua linapiga, kina mama wamejifunga kanga wanapanga nyanya mafungu mafungu, na Mlima wenyewe, Kilimanjaro, uko kule juu umejifunika mawingu. Nililiwaza sana soko hilo siku nilipopanda Morven, kilima cha Nyanda za Juu za Uskoti, kwa sababu Morven yote, kutoka usawa wa bahari hadi jiwe lake la mwisho, ina mita 872. Kimo ambacho kwetu ni cha miwa na joto, kule ni cha upepo na mawe. Mti hakuna. Kuna mmea mmoja wa kimo cha goti uliotandaa kila upande, na ikifika katikati ya Agosti mmea huo huchanua, kilima kizima kikawa zambarau.

Ndugu wa mmea huo nimewajua tangu utotoni. Marehemu baba alikuwa mpagazi katika njia ya Marangu kwa miaka mingi. Kila alipoteremka kutoka mlimani, koti lake lilinukia moshi wa jiko la kambi na kitu kingine kikavu, chenye utamu wa mbali. Tukimuuliza ni nini, alisema: hiyo ni erika. Jina alilipata kwa wageni wa Kijerumani, ambao ndivyo wanavyouita kwao, nasi nyumbani tukakua nalo. Alituambia kwamba ukishatoka kambi ya Mandara, msitu huanza kukuaga, kisha erika zinakupokea: miti ya majani madogo kama sindano, mingine hadi mita 10, imening'iniza ndevu za kijivu kwenye matawi. Nilikuja kuziona kwa macho yangu nilipokuwa mwalimu, nikipeleka wanafunzi hadi Mandara kila nilipopata nafasi.

Kwa hiyo mdogo wangu anayesoma Aberdeen aliponialika kukaa naye wiki tatu za Agosti, na akaniuliza, "Dada, unataka kuona nini huku?" sikutaja kasri wala duka. Nilimwambia nataka kuona erika ya Waskoti.

"Basi ni Lochnagar," alisema, "ndiko wote wanakokwenda." Halafu akafikiri kidogo. "Au, dada, nikupeleke mahali ambapo hawaendi?"

Sababu ya watu kutokwenda Morven ni ya ajabu kidogo, nami nitaieleza kama nilivyoelezwa. Mwaka 1891 bwana mmoja, Sir Hugh Munro, alichapisha orodha ya milima yote ya Uskoti inayozidi futi 3,000, yaani mita 914 na ushee. Tangu hapo wapanda milima wa Uingereza wameifanya orodha hiyo kuwa kazi ya maisha. Leo ina vilele 282, huitwa kwa jina lake, na wapo watu wanaotumia miaka 30 kuvimaliza kimoja kimoja. Lochnagar, yenye mita 1,155, imo. Morven imepungukiwa mita 42. Imewekwa katika orodha ya pili, ya milima ya kati ya futi 2,500 na 3,000, iliyotungwa na John Rooke Corbett, na wanaoifuata orodha hiyo ni wachache zaidi. Mita 42, urefu wa minazi miwili iliyopandana, ndizo zinazojaza magari chini ya mlima mmoja na kuuacha mwingine peke yake.

Tuliondoka Aberdeen Jumapili asubuhi. Mdogo wangu alichagua siku hiyo makusudi, kwa kuwa msimu wa kuwinda kwale hufunguliwa tarehe 12 Agosti, na kwa desturi ya Waskoti Jumapili bunduki hupumzika. Ibada tuliifanya garini: tulifungua Mwimbieni Bwana, kitabu alichotoka nacho nyumbani, tukaimba tukifuata mto Dee kuelekea magharibi. Banchory, Aboyne, kisha Dinnet, kijiji kidogo ambacho ndicho mlango wa mashariki wa Hifadhi ya Taifa ya Cairngorms. Nasema mlango, lakini geti hakuna. Hakuna askari, hakuna kitabu cha kusaini, hakuna malipo. Watu wanaishi ndani ya hifadhi, wana shule na mashamba na makanisa yao. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea kwa miguu karibu popote, hata katika ardhi yenye mwenyewe, ilimradi atembee kwa adabu: afunge lango alilolikuta limefungwa, asisumbue mifugo, asiharibu mazao. Mimi niliyezoea kwamba mlima una bei, na kwamba watoto wa pale pale chini yake wanaweza kuzeeka bila kuukanyaga, nilikaa kimya kwa muda nikilitafakari jambo hilo. Ninaelewa kwamba ada za hifadhi zetu zinalipa mishahara ya askari na kulinda wanyama ambao Uskoti haina. Hata hivyo, mtoto wa Marangu angestahili siku moja kwa mwaka ya kuupanda mlima wake kama mwenyeji.

Dinnet tulikata kulia, tukapita ziwa Kinord, ambalo lina kisiwa kilichojengwa kwa mikono ya watu wa kale, na baada ya kijiji cha Logie Coldstone barabara ikawa nyembamba ya gari moja. Inaishia sehemu inayoitwa Groddie. Tuliegesha pembeni kwa uangalifu, maana trekta la mkulima linahitaji kupita. Palikuwa na gari moja tu lililotutangulia.

Sitaieleza sana nusu saa ya kwanza. Ni malisho, kondoo, lango, lango jingine, matope kidogo. Usubi walitukuta penye kijito, wakatufukuza kwa kutuuma masikioni, na hapo nilishukuru kwamba nimejitanda kitambaa. Lakini baadaye njia hufika kwenye magofu ya Balhennie, na hapo nilisimama zaidi ya nilivyosimama kileleni.

Balhennie ilikuwa nyumba ya shamba. Sasa ni kuta za mawe bila paa, na miti michache iliyopandwa na mtu aliyetaka kivuli au kinga ya upepo. Mimi mtoto wa kihamba, shamba la Kichaga linalozunguka nyumba, najua maana ya mti uliopandwa karibu na nyumba. Unaweza kulitoa paa, ukaondoa milango, ukahamisha watu, lakini mti utaendelea kusema kwamba hapa palikuwa na mwenyewe. Chini ya kuta nyasi zilikuwa za kijani mbichi kuliko kwingine kote, kwa sababu udongo uliolishwa mbolea ya ng'ombe kwa vizazi hausahau haraka. Nyanda hizi za juu zimejaa magofu ya namna hiyo. Katika karne za 18 na 19 watu wengi waliondoka, wengine kwa kufukuzwa ili kupisha kondoo na, baadaye, mashamba ya kuwindia, wengine kwa njaa na kutafuta maisha mijini na ng'ambo.

Lugha yao iliondoka nao. Jina Morven ni Kigaeli, A' Mhòr Bheinn, maana yake mlima mkubwa. Karibu kila kilima na kijito cha pande hizi kina jina la Kigaeli, na wenyeji wa leo hulitamka bila kujua linasema nini. Mtu wa mwisho aliyezaliwa na kukua katika Kigaeli cha Aberdeenshire alifariki mwaka 1984. Mwaka 1984 ni juzi tu. Mimi nilikuwa tayari naimba shuleni. Nilimuuliza mdogo wangu kama anakumbuka jinsi bibi alivyokiita kwa Kivunjo, lugha yetu, kile kilima cha nyuma ya nyumba yetu. Alifikiri, akatikisa kichwa. Nikamwambia. Akalirudia jina mara mbili tatu, akipanda.

Baada ya Balhennie mlima unasimama. Hakuna kona za kukupumzisha. Kijia kinapanda moja kwa moja juu ya ubavu mkali, na hapo ndipo erika ilipotufunika.

Kwa mbali niliiona kama zulia. Kwa karibu ni kijiti kigumu, chenye shina la kahawia linalojikunja kama waya, na vijani vidogo mno vilivyolaliana mithili ya magamba ya samaki. Maua ni madogo kuliko punje ya mtama, mamia kwenye kila kitawi, rangi ya zambarau iliyopauka kidogo. Penye mwamba mkavu iko aina nyingine, yenye maua kama kengele, ya zambarau nzito, ambayo huanza kuchanua mapema. Na penye majimaji iko ya tatu, ya waridi, ambayo majani yake hukaa manne manne kwa umbo la msalaba. Hizi mbili za mwisho ni erika hasa, wa ukoo mmoja na zile za Kilimanjaro. Ile kubwa, inayofunika kilima, Linnaeus aliiweka katika ukoo huo huo, ila wataalamu waliokuja baadaye waliitenga wakaiita Calluna, kutokana na neno la Kigiriki la kusafisha, kwa kuwa watu walifunga mafagio kwa vitawi vyake. Mafagio, mapaa ya nyumba, kamba, magodoro, rangi ya kutia nguo, hata pombe: mmea huu kwa Mskoti wa zamani ulikuwa kama mgomba kwa Mchaga. Undugu wake na erika zetu niliutambua nilipokivunja kitawi kimoja na kukinusa. Ilikuwa harufu ya koti la baba.

Ukoo wa erika una aina zaidi ya 800, na nyingi mno ziko Rasi ya Afrika Kusini. Wanaochunguza vinasaba vya mimea wameonyesha kwamba safari yake ilianza kaskazini, Ulaya, ikateremka Afrika, mpaka ikafika Rasi na kuzaliana kule kwa wingi. Erika za Kilimanjaro, basi, ni jamaa wa wasafiri hao. Nitalifundisha hilo darasani kwa furaha.

Tulikuwa tumepanda nusu ya ubavu tulipoona mbwa, halafu nyuma yake mzee. Alikuwa anashuka, ana mkongojo na koti lililopauka kwa mvua nyingi. Ndiye mtu pekee tuliyekutana naye siku nzima. "Fit like?" alituamkia, na mdogo wangu, ambaye ameshawazoea, akamjibu kwa lafudhi ile ile ya Aberdeenshire. Mzee alifurahi. Akauliza tumetoka wapi. Mdogo wangu alipotaja Kilimanjaro, akanigeukia mimi, akatazama kilima, akauliza tumefuata nini kwenye kichuguu hiki.

Nilimwambia nimefuata erika, kwa kuwa na sisi tunazo. Alinitazama kwa upole wa mtu asiyetaka kubisha na mgeni. Nikatoa simu, nikamwonyesha picha niliyopiga juu ya Mandara: wanafunzi wangu sita wamesimama chini ya mti wa erika, na mti umewazidi mara nne. Mzee alivua miwani, akaisogeza simu, akaiangalia muda mrefu. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Na moto je? Mnaichoma?"

Nilipomuuliza kwa nini ameuliza hivyo, alitugeuza kwa mkongojo wake tutazame ubavu wa kilima cha pili. Nilikuwa nimeuona tangu asubuhi bila kuuelewa. Haukuwa wa rangi moja. Ulikuwa na viraka, kama shuka kuukuu iliyoshonwa shonwa: hapa zambarau nzito, pale kahawia, pale kijani changa, pale karibu weusi. Kila kiraka, alisema, ni moto wa mwaka wake. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kibarua kwa walinzi wa mashamba ya kuwindia, na kila mwisho wa majira ya baridi, siku ikiwa kavu na ardhi ikiwa bado imelowa, walitoka kuchoma. Walichoma utepe mwembamba, wanaume wamejipanga pande zote na vipigio mkononi, moto ukipita juu juu bila kugusa udongo. Erika huchipua tena kutoka mashinani. Kwale hula machipukizi machanga na kujificha katika erika kongwe, kwa hiyo anavitaka vyote viwili karibu karibu. Kiraka huachwa mwaka baada ya mwaka, erika ikishazeeka kinachomwa tena.

Kama asingechoma mtu? Mzee alionyesha bonde chini, kulikokuwa na mistari ya miti. Ingepanda, alisema. Taratibu, kama kulungu na kondoo wangeiruhusu, miti ingepanda mpaka pale hali ya hewa inapoikataza.

Alituaga, mbwa akatangulia. Nasi tukaendelea kupanda, mimi nikiwa na kitu kipya cha kubeba. Nilikuwa nimekitazama kilima kile kama kazi ya Mungu isiyoguswa na mtu, kumbe upande wake wa chini ni kazi ya mikono pia, tena kazi ya vizazi. Uzambarau ule unalindwa na kiberiti. Na hoja hiyo inawagawa Waskoti leo. Wapo wanaosema misitu irudi, na moto juu ya ardhi yenye mboji unatoa hewa ukaa iliyotunzwa humo kwa maelfu ya miaka. Wapo wanaosema ajira za mabonde haya, na ndege wanaotaga katika erika, vinategemea desturi hiyo. Mwaka 2024 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kutaka kibali kwa uwindaji wa kwale na kwa uchomaji wenyewe. Mimi mgeni wa siku moja nina maoni yangu, na nitayasema: ningeiachia erika juu, inakostahili, na mabonde ningeyarudishia miti, na penye magofu kama Balhennie ningetamani kuona moshi wa jiko.

Karibu na kilele mteremko hulegea. Erika inakuwa fupi, inalala chini kujificha na upepo, kisha inatoa nafasi kwa majani, kuvu za mawe na mawe yenyewe. Kwale wawili waliruka miguuni mwetu wakipiga ile sauti yao ya kukoroma na kufoka, ambayo wenyeji husema inamwamuru mtu arudi alikotoka. Sungura wa mlimani alisimama akatutazama. Huyu hubadili koti, kahawia kiangazi na jeupe wakati wa theluji, na tangu Machi 2021 sheria inakataza kumuua bila kibali. Nilichuma matunda madogo ya buluu yaliyojificha chini ya vijani, yakanipaka vidole na meno. Yana uchachu wa zambarau zetu, ila ni madogo kuliko njegere.

Kileleni kuna rundo la mawe na nguzo ya zege ya wapima ramani. Tulijibanza upande usio na upepo, tukafungua chakula: chapati, mayai ya kuchemsha, chai ya tangawizi kwenye chupa. Kusini-magharibi Lochnagar ilisimama na kuta zake nyeusi. Magharibi Ben Avon, mlima mrefu wenye majabali ya kushangaza mgongoni, kama viboko waliotoka kuota jua. Mashariki bonde la Cromar lilitandazwa chini yetu, mashamba ya shayiri ya rangi ya dhahabu yakipakana na malisho. Malkia Victoria alipanda hapa Septemba 1859, akitokea Balmoral, na mshairi Byron, aliyeishi utoto wake Aberdeen na kuletwa bonde hili la Dee, aliitaja Morven katika shairi. Heshima hizo zote hazikuiletea umati. Kwa saa nzima tuliyokaa hatukuona mtu, na sauti pekee ilikuwa ya upepo na, tulipotega sikio chini, ya nyuki.

Nyuki hao nao ni wageni wa msimu. Agosti wafuga nyuki wa mabondeni hupakia mizinga kwenye magari usiku, wakaipeleka pembeni mwa erika na kuiacha huko kwa wiki kadhaa. Asali yake ni nzito kama jeli. Haiwezi kukamuliwa kwa mashine ya kuzungusha kama asali nyingine, sharti ikandamizwe itoke kwenye sega. Nilinunua chupa moja huko Ballater jioni ile. Ina rangi ya kahawia nyekundu na uchungu kidogo mwishoni, na ninaitunza kwa ajili ya mama.

Pale kileleni ndipo swali la mzee lilipoanza kunichoma. Mnaichoma?

Oktoba 2020 nilikuwa Marangu, nyumbani kwa mama. Moto ulianza tarehe 11 katika eneo la Whona, mahali pa kupumzikia kati ya kambi za Mandara na Horombo, kwenye njia ile ile aliyoipita baba na mizigo ya wageni kichwani. Usiku tulisimama uwanjani tukitazama mstari mwekundu ukitambaa juu ya msitu. Askari wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, walipanda, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka walipanda, vijana wa vijijini walipanda na mapanga na matawi, siku baada ya siku, katika hewa nyembamba na baridi. Oktoba 2022 ukawaka mwingine, upande wa Karanga. Na hii haikuwa mara ya kwanza. Tangu miaka ya 1970 moto umekuwa ukiushusha mpaka wa juu wa msitu wa Kilimanjaro. Miongoni mwa vyanzo vinavyotajwa mara kwa mara ni warina asali, wanaowafukuza nyuki kwa moshi na kuacha kinga cha moto nyuma.

Yaani kwetu pia ni erika, nyuki na moto. Lakini hesabu ni nyingine kabisa. Moto wa Morven hupita juu ya ardhi iliyolowa, mahali palipochaguliwa, watu wakiusindikiza. Wa kwetu huja mwisho wa kiangazi, wakati kila kitu kimekauka, na unakwenda unakotaka. Erika ya Kilimanjaro nayo huchipua kutoka mashinani, lakini ili iwe mti inahitaji miongo ya amani. Moto ukirudi kabla, inabaki kichaka, na ukirudi tena inabaki kichaka kile kile. Msitu wa mita 10 unageuka pori la kufika goti. Kwa Mskoti hilo ndilo lengo. Kwetu ni hasara, kwa sababu miti ile mirefu yenye ndevu ndiyo inayokamata ukungu unaopita na kuudondosha ardhini tone kwa tone, nayo matone hayo yanaingia katika vijito vinavyolisha mifongo, mifereji ya vihamba vyetu. Kichaka hakiwezi kazi hiyo.

Nilimweleza mdogo wangu haya huku chai ikipoa. Yeye hakuwepo nyumbani mwaka ule. Alinisikiliza, halafu akasema, "Kwa hiyo, dada, hapa tulipokaa ndivyo kutakavyokuwa juu ya Mandara." Sikuwa na jibu la kumpunguzia. Uzuri wa kilima kile haukupungua machoni pangu hata kidogo, lakini tangu alipotamka maneno hayo niliutazama kwa hofu pia.

Tuliteremka kwa njia ile ile. Kwa mtu atakayefuata nyayo zetu, ni mwendo wa nusu siku kwenda na kurudi. Sisi tulitumia saa tano pamoja na mapumziko. Vaa buti, na chukua koti la mvua hata kama mbingu ni nyeupe, maana pale juu ukungu hauombi ruhusa. Beba ramani na dira na ujue kuvitumia. Suruali iwe ndefu, uichomeke kwenye soksi, kwa kuwa erika ni makao ya kupe na kupe wa kule huambukiza ugonjwa mbaya. Sisi tulikaguana jioni na nilimtoa mmoja nyuma ya goti la mdogo wangu. Nenda wiki ya pili au ya tatu ya Agosti. Nenda Jumapili. Ukifika Balhennie usipite tu. Kaa kidogo na wale walioishi pale.

Nilirudi shuleni Septemba, na Desemba nilipanda na kundi la wanafunzi wakubwa hadi Whona. Mashina meusi bado yamesimama, yamepauka kwa mvua. Lakini chini yake erika zinachipua, kijani kibichi, nyingine tayari zina maua meupe. Nilisimama katikati yake nikazipima kwa mguu wangu. Zimefika goti. Ndugu zangu wa Marangu, wa Mweka, wa Machame, mnaorina na mnaopita huko juu: tuziache zikue.